Kuzisikiliza Nyota Zisizowaka: Mafunzo Niliyopata

Hadi mwaka 2013 hakuna aliyemjua jirani yetu wa tatu angani. Tukiliacha Jua kando, wa kwanza ni mfumo wa Alpha Centauri, wa pili ni nyota ya Barnard, na wa tatu, umbali wa miaka ya nuru 6.5, ni vibete kahawia viwili vinavyozungukana. Kevin Luhman alivibaini katika picha za WISE, darubini ya angani iliyotafuta joto la nyota badala ya mwanga wake, na leo vinaitwa Luhman 16. Vimo katika kundinyota la Tanga, kusini. Ukiwa Mombasa hupanda hadi nyuzi 41 hivi juu ya upeo wa macho kila siku, lakini hutaviona, kwa kuwa ni hafifu mno.

Kibete kahawia huzaliwa kama nyota, kutokana na wingu la gesi lililojikusanya kwa uzito wake lenyewe, ila gesi haikutosha. Uzito wake ni kati ya mara 13 na mara 75 hivi ya sayari ya Mshtarii. Chini ya hapo tunaingia kwenye sayari. Juu ya hapo kiini hupata joto la kuunganisha hidrojeni na nyota ikawaka kwa mabilioni ya miaka. Kibete kahawia hakifiki huko. Huzaliwa na joto lake, kisha hupoa maisha yake yote. Shiv Kumar alikokotoa mapema miaka ya 1960 kwamba vitu vya namna hii lazima viwepo, Jill Tarter akavipa jina mwaka 1975, na uthibitisho ukapatikana mwaka 1995, pale Teide 1 ilipoonekana ndani ya Kilimia na Gliese 229B ikaonekana kando ya nyota yake.

Mimi niliingia katika kazi hii nikiwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Pwani ya Kenya, na nilichopewa kukitafuta ni mawimbi ya redio na eksirei kutoka vibete kahawia vilivyo karibu nasi. Ni kazi ambayo mara nyingi hupati kitu, na bado naipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kushika. Haya ndiyo iliyonifunza.

1. Kutosikia ni matokeo, mradi umepima uwezo wa kusikia

Mwaka 2005 Marc Audard na wenzake walichapisha walichokikuta walipovigeukia vibete viwili vya Epsilon Indi B, umbali wa miaka ya nuru 12 hivi, kwa darubini ya eksirei ya Chandra na kwa darubini ya redio ya ATCA huko Australia. Hawakukuta kitu, si kwa redio wala kwa eksirei. Miaka kumi baadaye Rachel Osten na wenzake wakafanya vivyo hivyo kwa Luhman 16, kwa vifaa hivyohivyo viwili. Napo kimya.

Nilipozisoma makala hizo mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini mtu achapishe kwamba hakuona kitu. Mwalimu wangu, mama mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia nisome tena, safari hii nitafute namba. Zilikuwapo. Watafiti hawa hawakuandika "hakuna". Waliandika: kama kipo kitu, basi nguvu yake haizidi kiasi hiki. Baharia wa mtumbwi anayezamisha upondo bila kugusa mchanga hasemi bahari haina chini. Anasema hapa kina kinazidi urefu wa upondo wake, naye anaujua urefu huo kwa pima.

Kikomo cha namna hiyo huwabana wenye nadharia. Anayedai kwamba kila kibete kahawia kina gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi juu yake itambidi aeleze mbona Luhman 16 haioneshi. Tena ukaribu ndio unaokipa kikomo uzito. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo kimya cha kitu kilicho mara kumi karibu zaidi kinabana mara mia zaidi. Ndiyo sababu majirani hawa, hata wakinyamaza, wana thamani kuliko mamia ya vibete vya mbali.

2. Redio na eksirei hazisimulii habari moja

Kwa nyota za kawaida kulikuwa na kanuni iliyotegemewa. Manuel Güdel na Arnold Benz walionesha mwaka 1993 kwamba nyota yenye eksirei nyingi huwa pia na redio nyingi, na uwiano wa viwili hivyo haubadiliki sana kutoka nyota moja hadi nyingine. Maana yake, ukipima eksirei unaweza kukadiria redio kabla hujaelekeza darubini.

Kisha kikaja LP 944-20. Tarehe 15 Desemba 1999, miezi michache tu baada ya Chandra kurushwa, darubini hiyo ilikikodolea kibete hiki kwa karibu saa 12. Saa tisa za mwanzo hakikutoa eksirei hata kidogo. Ghafla kikang'aa, kisha kikafifia kwa muda wa saa mbili. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa eksirei kuonekana kutoka kibete kahawia. Majira ya kiangazi yaliyofuata, kundi la wanafunzi waliokuwa Socorro, jimbo la New Mexico, wakiwa na Edo Berger, waliomba saa chache za darubini ya VLA wakisikilize kwa redio. Kwa kanuni ya Güdel na Benz hawakupaswa kusikia lolote. Walisikia. Redio ya kibete kile ilizidi makadirio kwa mara elfu kumi, na habari ikatoka katika jarida la Nature mwaka 2001.

Nilikaa sana na jambo hili, na kwangu ndilo kitovu cha somo zima. Eksirei za nyota hutoka kwenye korona, yaani gesi ya nje iliyochemshwa na mistari ya sumaku inayosokotwa na kukatika. Ili sumaku isokotwe, gesi ya juu ya nyota lazima iwe na chaji ya umeme, maana gesi isiyo na chaji huteleza kupita sumaku bila kuivuta. Angahewa ya kibete kahawia ni baridi. Elektroni zake nyingi zimerudi kwenye atomu zao, gesi haina mshiko tena, na korona inadhoofika. Hapo eksirei hushuka. Sumaku yenyewe haijaenda popote, kwa sababu huzalishwa ndani kabisa, kwenye gesi inayotokota chini.

Redio inataka vitu viwili tu: sumaku na elektroni zinazokimbia ndani yake. Hivyo kibete kinaweza kuwa bubu kwa eksirei na msemaji kwa redio. Baadaye Gregg Hallinan na wenzake walionesha mwaka 2015 kwamba kibete cha LSR J1835+3259 kina aurora kwenye ncha zake, kama ile ya Mshtarii lakini kali kupita kiasi, na mwaka 2023 Melodie Kao na wenzake wakaunganisha madishi 39 kutoka Hawaii hadi Ujerumani wakapata picha ya mkanda wa elektroni uliokizunguka. Mshtarii una mkanda kama huo. Kwa maneno mengine, kadiri kibete kinavyopoa ndivyo kinavyoiacha tabia ya Jua na kuichukua ya Mshtarii. Tangu nilipolielewa hilo sijawahi kutafuta kimoja bila kuuliza habari ya kingine, kwa sababu pengo kati ya redio na eksirei ndilo linalokueleza mahali kibete kilipofika katika kuhama huko.

3. Masafa uliyosikia ni kipimo cha sumaku

Elektroni ikiwa ndani ya uga sumaku huzunguka, na kasi ya mzunguko wake hutegemea nguvu ya sumaku hiyo: megahezi 2.8 kwa kila gausi moja. Milipuko ya redio ya vibete hutoka katika masafa hayohayo ya mzunguko, kwa hiyo hesabu ni ya mgawanyo mmoja. Redio ya Mshtarii inakoma kwenye megahezi 40 hivi. Gawanya kwa 2.8 upate gausi 14. Ukisikia mlipuko kwenye gigahezi 8.5, umepima sumaku ya gausi 3,000. Sumaku ya Dunia hapa tuliposimama haifiki gausi moja.

Hakuna njia rahisi kuliko hii ya kupima sumaku ya kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru. Ndivyo ilivyojulikana kwamba SIMP J0136, chenye uzito wa takriban mara 12.7 tu ya Mshtarii, pale pale kwenye mpaka wa sayari, kina sumaku inayozidi ya Mshtarii kwa zaidi ya mara 200. Kwa upande mwingine, ukimya kwenye masafa ya juu hauna maana kwamba sumaku haipo. Huenda ni dhaifu na inasema kwenye masafa ya chini, ambako hukusikiliza. Kila ninaposoma ripoti ya kutopatikana kitu, jambo la kwanza ninalolitazama ni masafa.

4. Nyota za karibu hazikai mahali pamoja

Nyota za mbali zinaonekana zimetulia. Majirani wanatembea. Luhman 16 husogea karibu sekunde za tao 2.8 kila mwaka, na Epsilon Indi karibu 4.7, ambapo nyuzi moja ni sekunde za tao 3,600. Inaonekana ndogo, lakini Chandra hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu sekunde ya tao. Ukichukua anwani ya kibete kutoka orodha ya miaka kumi iliyopita ukaitumia kama ilivyo, utakuwa unapima kipande cha anga kitupu na kutangaza ukimya wa mahali pasipo na mtu.

Kwa hiyo anwani hukokotolewa kwa tarehe ileile ya uchunguzi, pamoja na kuyumba kunakotokana na Dunia kulizunguka Jua, na huandikwa kabla ya kufungua picha. Hili la "kabla" nalishikilia sana. Picha ya redio ina maelfu ya nukta, na kelele peke yake hutoa vinundu vinavyofanana na nyota. Ukiwa na ruhusa ya kuzurura utakipata kinundu unachokitaka. Ukiwa umeshaandika anwani, unatazama hapo tu na kukubali utakachokikuta.

5. Omba muda wa mzunguko mzima

Kibete cha TVLM 513-46546 hugeuka mara moja kila saa 1.96, na mlipuko wake wa redio nao hurudi kila saa 1.96, pale mwale wake unapoelekea kwetu. Ukisikiliza kwa nusu saa unaweza kuukosa wote. Ni heri kusikiliza vibete vitatu kwa mizunguko kamili kuliko ishirini kwa dakika kadhaa kila kimoja, ingawa kamati za kugawa muda hupenda orodha ndefu.

Upande wa eksirei, subira yenyewe ni ya namna nyingine, maana mlipuko hauna ratiba. Mwaka 2020 ilichapishwa habari ya kibete J0331-27, kilicholipuka tarehe 5 Julai 2008 mbele ya darubini ya XMM-Newton. Darubini hiyo ilikuwa imekikusanyia takriban siku 40 za uchunguzi, na mlipuko ulikuwa huo mmoja.

6. Fotoni mbili si habari, wala sifuri si sifuri

Eksirei za vitu hafifu huhesabiwa moja moja. Unachora duara dogo kwenye anwani ya kibete, unahesabu fotoni zilizoangukia humo katika saa zote za uchunguzi, na pengine unapata mbili. Moyo unaruka. Hapo ndipo unapolazimika kuhesabu pia fotoni za sehemu tupu zilizo jirani, ujue ni ngapi zingeangukia duara lako hata kama kibete kisingekuwapo.

Na ukipata sifuri? Hesabu ya bahati inasema kitu ambacho kwa wastani kingeleta fotoni tatu bado kinaweza kuleta sifuri, mara tano katika kila mia. Hivyo sifuri yako, kwa uhakika wa asilimia 95, inaandikwa "chini ya tatu". Kwenye redio hesabu ni nyingine lakini bei ni kali: kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani kuipunguza hadi nusu unahitaji muda mara nne. Ukishaliona hilo unaelewa kwa nini dishi kubwa na mapokezi safi hushinda ung'ang'anizi.

7. Kelele nyingi ni za kwetu wenyewe

Bernard Burke na Kenneth Franklin waliposikia redio ya Mshtarii mwaka 1955 huko Maryland, mwanzo kelele ile ilidhaniwa kuwa ya plagi za gari la mtu anayerudi nyumbani usiku. Ilichukua muda kutambua kwamba "gari" hilo hupita dakika nne mapema kila siku, kama zinavyofanya nyota.

Leo tuna simu, rada na maelfu ya setilaiti. Sehemu kubwa ya siku zangu kazini ni kufuta. Kinachonisaidia zaidi ni kwamba redio ya milipuko ya vibete hufika ikiwa imejisokota, mawimbi yake yakizunguka kulia au kushoto. Galaksi, ambazo ndizo zinazojaza picha ya redio, karibu hazina msokoto huo. Ukitengeneza picha ya msokoto peke yake, anga linakuwa jeupe na kibete kinabaki. Kwa njia hiyo darubini ya LOFAR ya Ulaya ilipata mwaka 2020 kibete kilichopewa jina la Elegast, cha kwanza kugunduliwa kwa redio kabla ya kuonekana kwa njia nyingine.

Na mahali pana uzito wake. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda eneo la Karoo dhidi ya mitambo ya redio, ndiyo maana darubini ya MeerKAT na madishi yake 64 inasikia ilivyo.

8. Milango iko wazi kuliko tunavyodhani

Eksirei hazipenyi angahewa. Lazima upande juu yake. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri na kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na ndiye aliyepigania Chandra miaka mingi kabla haijarushwa. Nimekutana na wanafunzi wengi wa fizikia wa Pwani ambao hawajawahi kuambiwa haya shuleni, na inaniuma, kwa sababu sehemu ya historia ya kazi hii ilifanyika mbele ya ufuo wao.

Data za Chandra, ATCA na XMM-Newton huwekwa wazi kwa wote baada ya muda maalumu. Programu za kuzichambua ni za bure. Mlipuko wa J0331-27 ulilala kwenye hazina miaka zaidi ya kumi hadi watu walipokwenda kuutafuta. Mwenye kompyuta ya wastani na intaneti isiyokatika anaweza kuanza Kilifi au Kigoma. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumwonesha njia, na hilo ni deni letu tuliotangulia.

9. Kilicho baridi zaidi ndicho cha kufuatwa sasa

Mwaka 2023 Kovi Rose, mwanafunzi wa udaktari huko Sydney, na wenzake walitangaza redio kutoka WISE J0623, kibete chenye joto la nyuzi 425 hivi za selisiasi, baridi kuliko kibete chochote kilichokuwa kimesikika kwa redio hadi wakati huo. Kilionekana kwanza kwa darubini ya ASKAP ya Australia, kisha MeerKAT ikasaidia kukifuatilia na kuthibitisha kwamba kinageuka kwa saa 1.91. Kwangu habari hiyo ilifungua ukurasa mpya, kwa kuwa ilionesha kuwa baridi haizimi sumaku, na kwamba darubini iliyo barani kwetu ina masikio ya kutosha.

Luhman 16 na Epsilon Indi B ziko kusini mno kwa VLA, lakini hupita juu sana kwenye anga la Karoo. Vikomo vyao vya 2005 na 2015 vinaweza kushushwa zaidi, na kwenye masafa ya chini ambako sumaku dhaifu husemea. Baada yao kuna WISE 0855, umbali wa miaka ya nuru 7.4, kilicho baridi kuliko hivyo vyote. Uzito wake huenda usifike mara 13 ya Mshtarii, hivyo wengine wangekiita sayari isiyo na jua. Kiko karibu na mstari wa ikweta ya anga na hupita utosini kabisa mwa Dar es Salaam, kwa hiyo darubini za kaskazini na kusini zinaweza kukisikiliza kwa pamoja na kupishana kisipotee machoni kwa saa nyingi mfululizo. Ombi ninaloandaa sasa ni la kibete hicho: masafa chini ya gigahezi 1, mizunguko kamili kadhaa, picha ya msokoto itengenezwe kwanza, na anwani iliyokokotolewa kwa siku yenyewe, kwa sababu husogea zaidi ya sekunde za tao nane kila mwaka.